Swali la Tumpe kwa Baba Mkwe

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa barua. Hapa Kiwira sote wazima, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Unauliza utawasemeaje wanachuo wenzako kuhusu ada iliyopanda, na wewe unaona aibu.

Vyama vingi vilipoanza, mgombea ubunge alikuja kwetu. Shoga yangu Tumpe alitaka kumuuliza kwa nini sasa wazazi tulipie vyuo. Lakini mgombea alikuwa baba mkwe wake, na kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami mkwewe. Tumpe akasimama, akampa mgongo, akauliza huku anatutazama sisi. Ee, mwanamke yule! Mkutano mzima tukamngoja mzee aujibu ule mgongo.

Aibu yake hakuiacha nyumbani, mama. Alisimama nayo.

Bibi yako