Chumba Rahisi Kupita Kiasi

Biharamulo, Jumatano, Agosti 1979. Jua kali, vumbi, na moshi wa nyasi zinazochomwa huko mabondeni.

Sina amani leo, shajara yangu. Nimejidharau.

Mwanza ilinishinda. Kodi ilipanda, sabuni ilikuwa ya foleni, na cherehani moja haikutosha kutulisha mimi na mwanangu Edita. Vita vimeisha, lakini baba yake bado yuko Uganda na wenzake wa mgambo, na barua haiji. Kwetu Ngara singerudi. Mama mkwe angenimaliza kwa maneno. Nikasema basi, Biharamulo, maisha ni nafuu.

Jana niliona chumba karibu na soko. Kizuri, ila kodi yake ni ya Mwanza. Leo balozi wa nyumba kumi akanipeleka mtaa wa chini. Aliisoma barua yangu ya utambulisho mara mbili, akanitazama, akaisoma tena. Ala! Ananidhania mlanguzi?

Chumba chenyewe kina bati, sakafu ya saruji, na kibaraza cha kuweka cherehani. Kodi, nusu ya ile ya chumba cha sokoni.

Nusu!

Nikamuuliza balozi, mpangaji aliyekuwepo alihama kwa nini. Eti alihamishwa kazi. Wote husema hivyo. Nikakagua kuta, nikainama mpaka chini ya kizingiti kutafuta kilichofukiwa. Wanawake kisimani walinyamaza tulipopita. Nami kila nilichokiona nikakitilia shaka, hata ukimya.

Ndipo akaja jirani wa mlango wa pili, Mama Tatu, mwanamke wa makamo, na kibuyu cha togwa na kikombe. Akasema tumetembea juani, mtoto ana kiu. Akamimina, akamnyooshea Edita.

Bila kuonja.

Kwetu Ngara hata mtoto anajua: anayekukaribisha kinywaji hukinywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ujue hakina kitu. Asiyeonja ana lake. Nilimpokonya Edita kikombe.

Nikamwambia, "Onja wewe kwanza, mama."

Mama Tatu akamtazama balozi, naye balozi akafungua mdomo kutaka kusema. Mama Tatu akamzuia kwa mkono. Akachukua kikombe, akapiga funda moja, akameza, akanirudishia. Kisha akasema taratibu, "Mpe mtoto, mwanangu. Ana kiu." Akaenda zake.

Edita alikunywa vikombe viwili.

Tulipofika njiani balozi akasimama. "Mama, yule amefunga. Ni Ramadhani. Togwa ile aliwatengenezea wajukuu zake."

Jamani! Miaka sita Mwanza nimeishi ukuta mmoja na Waislamu. Kila mwaka nilipelekewa futari. Leo nimemwona mtu mzima, mchana wa Ramadhani, midomo mikavu, na kilichonijia kichwani ni sumu tu.

Nilimuuliza balozi kwa nini Mama Tatu hakuniambia amefunga, wala kukataa. Akasema pengine aliona mtoto hatakunywa mpaka yeye anywe. Nililia pale barabarani, na Edita akanishika kanga akiuliza nani kanipiga.

Ukweli wangu ni huu: wazo langu la kwanza lilikuwa kukimbilia kile chumba cha sokoni, nilipe hata kwa kushinda njaa, ili nisikutane tena na macho ya mama yule. Aibu ni kitu kibaya. Nilikuja nikichunguza mtaa kama unafaa kwa mwanangu, kumbe mtaa nao ulikuwa unanitazama mimi.

Balozi anataka jibu kesho asubuhi. Nimemwomba anisubiri kidogo, kwanza niende kwa Mama Tatu, nipige magoti.

Chumba nakitaka. Ila ruhusa ya kuishi pale sasa anayo yeye, na akininyima, nitamlaumu nani?