Kompyuta Mbili kwenye Waya za Sista Nkirote

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Redio nne leo. Mbili spika zimepasuka. Moja panya walikula waya. Ya nne haina ugonjwa, mwenyewe alitia betri kinyume.

Nilikuwa bado na ile ya panya mkononi wakati Sista Nkirote alipoingia na katoni ameikumbatia kama mtoto. Alistaafu uuguzi, sasa ana nyumba yake ya kuzalishia kina mama pale Kanyakine. Kuja mwenyewe hadi dukani kwangu Makutano, nikajua ni jambo.

Ndani ya katoni, visanduku viwili vya kijivu, kila kimoja kama nusu mkate. Plagi ya pini tatu upande mmoja, upande mwingine waya wa kuchomekwa nyuma ya kompyuta, pale pa printa. Mwanawe Mutuma amevituma kutoka Uingereza. Eti kompyuta mbili zinaongea kupitia waya za stima zilizo ukutani. Hakuna waya mwingine wowote.

Nilimwambia sijawahi kuona kitu kama hicho. Akasema ndiyo maana ameniletea.

Sababu yake naijua. Mwezi wa nane alikuja mama anavuja damu na kadi yake haikuonekana. Walitafuta kadi badala ya kumshughulikia. Alipona, lakini Sista hajajisamehe. Anataka Gatwiri, karani wake wa mapokezi, akiandika kitu mbele kionekane papo hapo chumba cha kujifungulia nyuma. Kuta ni za mawe na hataki zitobolewe.

Nimeweka visanduku juu ya kabati. Nimeviangalia mara sita.

Jumanne, 5 Oktoba

Imekubali!

Kompyuta ya dukani na ile kuukuu ambayo Mwenda, mume wangu, huchapia mitihani. Zote kwenye ekstensheni moja. Niliandika jina langu huku, nikalifungua kule. Nilihesabu hadi nane ndipo likatokea. Polepole, lakini lilitokea.

Nadhani nimeelewa. Stima huyumba mara hamsini kwa sekunde. Kisanduku kinapandisha juu yake mtetemo mwingine wa kasi sana, kama wa redio, na kile cha pili kinachuja stima na kubaki na maneno. Waya ni ule ule. Miaka yote hii nimeona waya kama bomba la kuleta moto tu.

Kisha nikapeleka kompyuta moja kwa kinyozi jirani. Yeye ana mita yake ya stima. Jina langu likatokea kwake pia. Alicheka, mimi sikucheka. Kumbe maneno hayasimami kwenye mita. Siri za wagonjwa zinaweza kutoka nje ya nyumba. Lazima niweke neno la siri kwenye mafaili ya Sista.

Alhamisi, 7 Oktoba

Kanyakine. Saa tatu asubuhi nilifunga kila kitu. Gatwiri akaandika kadi ya kujaribu, Sista akaifungua nyuma, akapiga makofi mara moja tu. Yeye si mtu wa makofi.

Saa nne, kimya. Kompyuta ya nyuma inasema haioni nyingine. Saa tano kasoro ikarudi yenyewe. Saa tisa ikapotea tena.

Sikugusa chochote, si ilipopotea wala iliporudi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Vile vile. Saa nne, saa tisa. Nimebadilisha soketi, nimebadilisha visanduku. Sista ameacha kuja kuangalia.

Nimeaibika. Pia siwezi kuacha kulifikiria.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimefanya kama daktari. Nilizima kila kitu nyumbani mwa Sista, kisha nikawasha kimoja kimoja huku Gatwiri akituma kadi ile ile.

Taa za mirija: inapita.
Friji ya chanjo: inachelewa kidogo, inapita.
Pasi: inapita.
Jiko la stima la kuchemshia vyombo vya kuzalishia, lile la chumba cha nyuma: imekufa hapo hapo.

Vyombo huchemshwa saa nne na saa tisa. Nilimwambia Sista tumempata mwizi, jiko lake ni bovu. Akasema jiko hilo halijamkosea hata siku moja. Aliudhika kwa niaba ya jiko.

Jumanne, 12 Oktoba

Alikuwa na haki. Nililibeba hilo jiko hadi dukani. Nikaliwasha kwenye ekstensheni ile ile yenye visanduku viwili. Maji yakachemka, mafaili yakapita. Nikarudia. Yakapita.

Jiko lenyewe halina kelele ya kufunika maneno. Basi kelele iko kwenye njia ya kulifikia. Jiko linavuta moto mwingi, na mahali fulani njiani kuna kitu kinacholia kikivutwa.

Sijawahi kufikiria kuwa ukuta unaweza kulia. Sasa nataka kuusikia.

Alhamisi, 14 Oktoba

Niandike pole pole.

Nilichukua redio ndogo ya betri, nikaiweka masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni. Kompyuta zina masikio yao, mimi nikatumia haya ya redio. Tukawasha jiko. Nikatembea na redio kando ya kuta, Sista nyuma yangu. Mapokezi, mkwaruzo mdogo. Korido, zaidi. Wodi ya kina mama, mkwaruzo ukawa kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Nikainua redio juu ya kichwa. Ikapiga kelele hadi mama aliyelala kitanda cha tatu akafunika mtoto wake masikio.

Nilizima swichi kubwa, nikaomba ngazi, nikapanda darini na tochi.

Waya mbili zimesokotwa pamoja, zimefungwa tepu. Hakuna sanduku la kiungo, hakuna skrubu. Tepu imeyeyuka. Shaba imekuwa nyeusi. Mbao ya paa iliyo juu yake imeungua, shimo la kuingia kidole gumba, na pembeni mwake manyoya na nyasi za kiota cha panya.

Nyasi kavu. Dari ya ubao laini. Chini yake akina mama watatu na watoto watatu.

Nimekata njia hiyo yote. Vyombo vitachemshwa kwa gesi. Sista aliponiuliza nimeona nini nikamwambia kiungo kibaya, cha zamani. Alinishika mkono akasema Mungu ameleta visanduku hivyo kwa kazi ambayo Mutuma hakuijua.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nina hasira. Nyumba ile iliwekwa stima mwaka wa tisini na Mzee Njeru, fundi wa Embu aliyenifundisha kazi. Nilikuwa mwanafunzi wake mwaka ule. Mtu aliyekuwa akinipiga vidole kwa bisibisi nikiacha skrubu haijakaza! Na yeye akaacha kile kitu darini.

Nitaenda kumwona. Nataka ramani ya waya za nyumba ile, kama anayo. Nataka pia anitazame usoni.

Jumamosi, 16 Oktoba

Embu. Mzee Njeru amezeeka. Anaishi nje kidogo ya mji, ana ng'ombe wawili, goti la kushoto halikunjiki. Alifurahi kuniona kiasi kwamba nilishindwa kuanza. Aliniuliza habari za Mwenda, za duka, za vile visanduku. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Eti mtetemo huo unaweza kuvuka transfoma? Nikasema sijui. Akasema nijaribu nimwambie.

Kisha nikamweleza kiungo.

Aliomba niseme tena kiko wapi. Juu ya wodi, upande wa mlima, hatua mbili kutoka bomba la maji. Akakitazama kikombe chake.

"Kananu," akasema, "hicho ni chako."

Nikasema hapana.

"Mimi sikupanda dari ile hata siku moja. Goti lilikuwa limeanza. Nilikutuma wewe. Unakumbuka nyigu?"

Nikakumbuka. Nilikumbuka yote kwa mara moja, hata kanga niliyokuwa nimejifunga kichwani. Ijumaa, nyigu darini, wawili walinichoma shingoni. Masanduku ya viungo yalikuwa yamekwisha. Nilisokota, nikafunga tepu, nikashuka mbio. Nilisema nitarudi Jumatatu kutia sanduku. Jumatatu tukapelekwa Timau, nyumba nyingine. Sikurudi.

Miaka tisa sijakifikiria hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mzee hakunigombeza. Alisema, "Na mimi nilitia sahihi ya ukaguzi nikiwa nimesimama sakafuni. Kwa hivyo tuko wawili."

Ramani alikuwa nayo, kwenye daftari la shule, penseli. Amenipa.

Jumapili, 17 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri.

Nilimwambia Mwenda. Aliuliza kama Sista anajua ni mimi. Hajui. Aliuliza kama anaweza kuja kujua. Hawezi. Mwenda akarudi kwenye mitihani yake. Ni mwalimu, anajua wakati wa kuacha swali likae.

Naogopa. Duka langu ni jina langu. Sista akisema neno moja Kanyakine, litafika Makutano kabla yangu.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimemwambia.

Alikuwa akikunja shuka. Nilisimama mlangoni nikasema yote bila kukaa: nyigu, tepu, Jumatatu ile. Aliendelea kukunja. Nilidhani hakusikia.

"Tangu tisini," akasema.

"Tangu tisini, Sista."

Aliweka shuka chini. Aliangalia dari, kisha kitanda cha tatu, kisha dari tena. Nilijua anahesabu wote waliolala pale. Mimi pia nimekuwa nikihesabu tangu Alhamisi.

Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Leta ngazi. Fungua viungo vyote, hata ambavyo hukufanya wewe. Visanduku vikae kwenye katoni mpaka umalize."

Kila mara nikija hapa huwa napewa chai. Leo hakuna. Nilistahili.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu, duka limefungwa. Nimeshinda darini.

Saa tatu Mzee Njeru alitokea langoni, amekuja kutoka Embu bila kuitwa, na mkongojo. Alimsalimia Sista, akavua kofia, akamwambia sahihi ni yake. Kisha akaomba kiti. Alikaa chini ya tundu la dari siku nzima na daftari lake. Mimi natambaa juu, yeye anaita kiungo kwa kiungo.

"Cha saba. Kiko ndani ya sanduku?"

"Kiko."

"Vuta waya."

"Hauchomoki."

"Endelea."

Viungo kumi na vinne. Kumi na viwili vizuri, vyote vyangu, skrubu zimekaza hadi leo. Kile cha wodi. Na kimoja juu ya mapokezi, skrubu imelegea, hakijaungua bado. Nimebadilisha vyote viwili, nimetoa mbao iliyoungua, nimefagia viota.

Niliposhuka, uso umejaa masizi, Sista alikuwa ametuwekea mukimo wa viazi na mahindi. Alimpakulia Mzee kwanza. Mimi pia alinipakulia.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Saa nne jiko likawashwa. Nilikuwa mbele na Gatwiri, Sista nyuma. Gatwiri akatuma kadi. Nikahesabu, nikafika tisa, kumi. Sista akaita kutoka nyuma kwamba imefika tangu zamani, tunangoja nini?

Alikuwa ameshaisoma. Nilihesabu mbio mno.

Nilipita tena na redio. Wodini mkwaruzo kidogo tu, wa kawaida. Nilisimama chini ya mahali pale kwa muda. Mama mmoja akaniuliza natafuta taarifa ya habari? Nikasema ndiyo.

Friji bado inachelewesha. Ni mota yake. Nina wazo juu ya hilo.

Jumanne, 2 Novemba

Gatwiri amepita dukani kuniuzia habari, kama anavyosema. Jana jioni kabla ya giza, mama alifika akiwa amebakiza kidogo tu ajifungue. Hakuna kuuliza maswali, alikuwa hawezi kujibu. Gatwiri akaandika jina mbele. Nyuma Sista akaona kadi yote: mtoto wa pili, wa kwanza alitoka kwa shida, damu yake ya aina isiyopatikana ovyo. Wakapiga simu hospitalini mapema, gari likakaa tayari langoni.

Gari halikuhitajika. Msichana. Kilo tatu na kitu.

Nilimuuliza Gatwiri Sista alisema nini kuhusu kompyuta. Hakusema chochote. Aliisoma tu, akaenda kunawa mikono.

Ndivyo inavyotakiwa kuwa, nadhani. Kitu kinachofanya kazi hakizungumzwi.

Jumamosi, 6 Novemba

Kwenye daftari la Mzee Njeru kuna nyumba sita tulizofanya mwaka ule, ya Sista ikiwemo. Nimeanza na ya Timau, kwa sababu ya Jumatatu ile.

Baridi. Mwenye nyumba, mkulima wa ngano, hakuelewa kwa nini fundi aje kukagua bila kuitwa. Nilimweleza. Akashika ngazi mwenyewe.

Viungo tisa. Vyote ndani ya masanduku. Nilivuta kila waya. Nilikaa juu pale kidogo, magoti kwenye mbao, tochi nimezima, mwanga ukiingia kwenye matundu ya misumari.

Nimerudi nyumbani kabla ya mvua. Zimebaki nyumba nne.