Tangazo la Jembe Katika Toleo la Kumi na Nne

KITUO CHA POLISI MIKUMI, WILAYA YA KILOSA
MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: Kuharibu mali
Jina: Theodory Yakobo Masingisa
Umri: Miaka 65
Kabila: Msagara
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa kujalidi vitabu
Makazi: Mikumi, nyuma ya stendi
Tarehe: 21/03/2025, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Nimeonywa kuwa nikisema uongo kwa makusudi naweza kushtakiwa. Nimejibu kuwa kwa umri huu sihitaji onyo la namna hiyo, na nimeomba jibu langu nalo liandikwe.

Mimi ni mkazi wa Mikumi tangu mwaka 1991. Najalidi vitabu vya shule, vitabu vya nyimbo, Biblia zilizochanika mgongo na rejista za mahudhurio. Kazi hii nilijifunza Morogoro, kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, kuanzia mwaka 1981. Mbali na kazi, ninakusanya majarida ya katuni ya zamani. Nilipofika hapo Afande anayeniandika, Koplo Devota, aliinua macho. Wengi huinua macho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Jarida ninalokusanya linaitwa Kapteni Kiroboto. Yalitoka matoleo arobaini na moja, kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na mimi ninayo yote. Thamani yake haiko kwenye michoro. Iko kwenye matangazo yaliyobanwa katikati kwa pini. Toleo la 6 lina kipande cha sabuni chembamba kama ukucha, kimegandishwa kwenye kadi, na mpaka juzi kilikuwa kinanukia. Toleo la 22 lina mbegu tano za mchicha ndani ya kibahasha. Toleo la 31 lina kofia ya karatasi ya tangazo la betri za tochi, ya kukata na kubandika, na yangu haijakatwa. Watu wengine waliyafungia karanga. Mtuhumiwa mwenyewe, mwaka 1990, alifungia vitumbua jalada la toleo la 9 mbele ya macho yangu, na alipoona nimekasirika akaniongezea kitumbua kimoja.

Mtuhumiwa ni Yusta, mkazi wa kijiji cha Ulaya, humuhumu wilayani Kilosa, mjane wa mdogo wangu Alfred aliyefariki Agosti mwaka jana. Sijawahi kumpenda. Nasema hivyo ili Afande asipate taabu ya kukisia.

Tangazo ambalo sikuwa nalo ni la toleo la 14. Ni tangazo la jembe. Kiwanda kilichapa picha ya jembe kwa ukubwa wake halisi, rangi ya kijani, kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne, na chini pameandikwa: "Lipime hapa kabla hujalinunua." Nyuma ni nyeupe tupu. Toleo hilo nililinunua mimi mwenyewe nikaliacha nyumbani Ulaya, kwenye sanduku langu la bati. Niliporudi mwaka 1984 niliulizia sanduku, na nilipolifungua siku mbili baadaye nilikuta pini zimefunguliwa na tangazo halipo. Nilimuuliza baba. Alinijibu kuwa alihitaji karatasi. Miaka ile daftari lilikuwa halipatikani dukani, watu waliandikia barua kwenye mifuko ya saruji, hilo najua. Lakini sanduku lilikuwa langu na lilikuwa na kufuli.

Mnamo tarehe 10/03/2025, siku ya Jumatatu, saa 3 asubuhi, nikiwa kibandani kwangu, Yusta alifika kwa basi linalotoka Kilosa. Aliniamkia, "Shikamoo shemeji," nikaitika. Alikuwa amebeba bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kanga. Alifungua akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. Nilitafuta karatasi ile kwa miaka arobaini na moja, Dumila, Kilosa, Morogoro mpaka Dodoma, kumbe ilikuwa kwenye kikapu cha mwanamke wa vitumbua.

Aliniambia kuwa kaka yetu mkubwa, Zabron, amefungua shauri kwenye baraza la kata akidai shamba la bondeni lirudi kwa ukoo, kwa kuwa Alfred amekufa. Shauri lilikuwa lisikilizwe Jumanne tarehe 25/03/2025. Akasema nyuma ya karatasi ile baba aliandika maneno ya kumpa yeye shamba, na mashahidi wawili waliotia saini, katekista na balozi wa nyumba kumi, wote wako makaburini. Karatasi ilikuwa inakatika kwenye mikunjo. Aliogopa kuikunjua mbele ya baraza ikagawanyika vipande.

Alisema, "Shemeji, wewe ndiye fundi, na hii ni karatasi yenu. Nishikizie isikatike. Ukimaliza tutaitoa kopi pale stendi."

Nilimjibu, "Iache. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo."

Hakuomba hati ya kupokelewa. Alinishukuru mara mbili.

Afande ameniuliza kama nilijua shamba lile alipewa Yusta. Nilikuwa nimesikia. Karatasi yenyewe sikuwahi kuiona, wala baba hakunieleza. Afande ameniuliza pia kama Zabron aliniahidi kitu. Aliniahidi heka moja kati ya tatu. Sina haja na heka. Sijashika jembe tangu nikiwa na miaka ishirini, na Zabron hajui hata kushika karatasi, hulamba kidole kwanza.

Kuanzia tarehe 11 niliifanyia kazi. Nilishikiza mikunjo yote kwa karatasi laini na gundi ya unga niliyoichuja mara tatu. Ile ni kazi safi na nitaitetea mbele ya fundi yeyote. Baada ya hapo niliondoa maandishi ya nyuma.

Afande ameniuliza nina maana gani. Nina maana hiyohiyo. Yaliandikwa kwa wino wa chupa, ambao hutoka kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ukiizimua kwa maji na kutumia pamba kwenye njiti ya kibiriti. Ilinichukua siku mbili. Karatasi ya mkusanyaji ikiwa na maandishi ya mkono huhesabiwa kuwa imechafuka. Nilipomaliza nilibana tangazo kwenye toleo la 14, matundu ya pini yakalingana. Nilikaa nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Mnamo tarehe 20/03/2025, siku ya Alhamisi, saa 4 kasorobo asubuhi, Yusta alirudi. Nilikuwa nachemsha gundi ya unga, ndoo nzima, kwa ajili ya rejista za shule. Nilimpa jarida mkononi. Akalifungua, akaliona jembe, akatabasamu, akageuza. Akageuza tena. Alidhani nimempa nyingine.

Aliniuliza, "Maneno ya mzee yako wapi?"

Nilimjibu kuwa nimesafisha.

Hakupiga kelele. Alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaliweka jarida juu ya meza taratibu, kwa adabu, na hapo nikadhani yameisha. Kisha alichukua ndoo ya gundi kwa mikono miwili akaimwaga yote kwenye rafu, kuanzia juu. Matoleo thelathini na nane yameharibika. Sabuni imeyeyuka. Mbegu za mchicha zimelowa. Kofia ya betri imegeuka uji. Limepona lile la 14, kwa kuwa lilikuwa mezani, na mengine mawili. Aliungua mikononi na sikumpa maji. Jirani yangu Nickson, fundi viatu, ndiye aliyempa.

Niliripoti hapa saa 5 asubuhi ya siku hiyohiyo. Nataka ashtakiwe. Ile ilikuwa kazi ya maisha yangu na haipatikani tena popote, hata mtu akizunguka nchi nzima.

Afande ameweka kalamu chini na kuniuliza kama nilifuta kwa sababu ya uchafu. Nimemjibu kuwa nimeshaeleza. Ameniuliza kama niliyasoma. Nimemwambia hilo ni swali la mtu ambaye hajawahi kufuta wino. Huwezi kufuta ukurasa kwa mkupuo, utachana karatasi. Unafuta herufi moja moja. Mistari ilikuwa kumi na mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma mistari ile kama nilivyoisoma mimi.

Ameniomba niiseme. Nimekaa kimya, nafikiri ni dakika kumi, Afande ataandika mwenyewe. Nimemuuliza nikisema sikumbuki itakuwaje. Amenijibu kuwa ataandika kwamba shahidi amesema hakumbuki, na Yusta atakwenda barazani Jumanne na karatasi nyeupe.

Nakumbuka. Iliandikwa hivi:

"Mimi Yakobo Masingisa, leo Jumapili tarehe 12 Februari 1984, nina akili zangu timamu. Shamba langu la bondeni, kuanzia mfereji hadi njia ya misheni, nampa Yusta mke wa mwanangu Alfred. Ni lake mwenyewe, Alfred awepo asiwepo. Mke wangu aliugua miezi kumi na mitano. Yusta alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, naye ni binti wa watu. Zabron alikuja mara mbili. Theodory tulimwandikia barua tatu, hakuja mpaka tulipokwisha kuzika, na alipokuja aliuliza habari za sanduku lake. Msiseme baadaye kuwa mzee hakuwa na watoto wa kiume. Ninao."

Chini palikuwa na saini ya baba na za mashahidi wawili.

Barua zote tatu nilizipata.

Saini niliziruka kwanza, nikaanza kufuta maneno kutoka chini kwenda juu. Neno la kwanza kufuta lilikuwa hilo la mwisho. Ningeweza kuishia kwenye mistari minne ya mwisho, inayonitaja mimi, na kuacha ya shamba, nafasi ilikuwepo. Lakini pangebaki doa jeupe katikati ya maandishi, na kila atakayeshika karatasi angeuliza hapa palikuwa na nini. Heka tatu zile zilikwenda kwa sababu hiyo tu. Sikumfutia Yusta shamba. Nilikuwa najifuta mimi.

Baraza likiyahitaji maneno hayo, lipewe kama nilivyoyasema, na nikiitwa Ulaya Jumanne nitakwenda nikayaseme mbele ya Zabron. Malalamiko yangu kuhusu majarida siyaondoi. Yusta simwombi radhi leo, na asinitegemee kesho.

Nimeyatoa haya kwa kinywa changu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu, na ndiyo maelezo yangu.

Saini ya shahidi: T. Y. Masingisa

Maelezo ya ofisa aliyeandika: Mimi WP Koplo Devota nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Kimya cha shahidi kilikuwa cha dakika ishirini na tano. Alipewa asome mwenyewe, akasema ni sahihi, kisha akaomba sentensi inayotaja jina lake katika maandishi ya marehemu baba yake iondolewe. Nilimweleza kuwa kwenye maelezo ya polisi neno halifutwi. Mwenye maelezo anaruhusiwa kulikata kwa mstari mmoja na kutia saini pembeni, na lililokatwa huendelea kusomeka. Nilimpa kalamu. Aliishika juu ya mstari huo kwa muda. Hakukata, akashuka chini ya ukurasa, akatia saini. Imefungwa saa 6:40 mchana.