Siku Alizokatwa Leokadia

Jumatatu, 6 Mei 1996
Mizani imefunguliwa saa moja. Vumbi la tumbaku, kikohozi, matusi. Mkulima mmoja wa Mwese kampiga mpanga madaraja ngumi ya mdomo kwa kuwa tumbaku yake imeshushwa daraja. Jino limeruka. Nimemkwida shati, nikambamiza ukutani mpaka akatulia. Mimi ndiye msimamizi wa ghala; mwanamke wasipomwogopa hamalizi msimu.
Leokadia, karani wangu wa mizani, hakuja. Mimba ya miezi sita na nusu. Mumewe Yoramu kaleta karatasi ya daktari. Anatokwa damu, kondo la nyuma limekaa chini ya mtoto. Alale wiki sita.

Jumatano, 8 Mei
Meneja wetu wa chama cha ushirika kaamuru hizo wiki sita ziandikwe likizo ya uzazi. Nikamwambia huo ni ugonjwa, hajazaa.
"Mimba ni mimba. Andika."
Nimeandika. Najua kanuni. Siku themanini na nne ni za kuzaa, ugonjwa una likizo yake. Niliogopea kiti changu. Basi.

Jumatatu, 17 Juni
Leokadia karudi kazini. Uso wa majivu. Damu imekauka kidogo, lakini daktari alitaka aendelee kulala. Kasema siku zake za uzazi zimebaki nusu.
"Nikizilalia sasa, dada Skola, mtoto nitamnyonyesha lini?"
Nimempa kiti chenye mto.

Alhamisi, 20 Juni
Saa nne asubuhi. Damu. Si matone, ni ndoo iliyopigwa teke. Gauni, kiti, mpaka chini ya mizani. Wabebaji wakakimbilia nje. Nimewatukana mama zao, nikamburuta mmoja kwa ukosi wa shati. Tukampakia kwenye lori, juu ya mitumba ya tumbaku.
Barabara ya kwenda Mpanda ilitutwanga kama mahindi kwenye kinu. Nimemkandamiza kwa khanga mbili. Zimelowa zote. Kaniuma bega mpaka nyama. Nusu ya njia akanyamaza. Nimempiga makofi. "Usilale! Usilale wewe!" Nimempiga mpaka shavu likavimba. Akafumbua macho.

Ijumaa, 21 Juni
Wamempasua jana mchana. Mtoto wa kike, mdogo kama njiwa, yuko hai. Leokadia yuko hai. Kizazi wamekitoa, damu ilikataa kusimama. Ana miaka ishirini na minne.
Nimefua khanga zangu nyuma ya wodi.

Jumapili, 23 Juni
Yoramu kaja kwangu baada ya ibada. Kashika fimbo ya kuchungia.
"Nani aliandika zile siku?"
"Mimi."
Pigo la kwanza nimelikinga kwa mkono wa kulia. Mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili mgongoni. La tatu kichwani, nikaona giza. Alikuwa analia huku anapiga. Majirani wakamvuta, wakataka kumfunga kamba wampeleke polisi. Nimekataa. Hospitali nimesema nilianguka.
Sijamsamehe. Namchukia. Lakini hakukosea mlango.

Jumatatu, 1 Julai
Mkono umo kwenye plasta. Huu mwandiko mbaya ni wa kushoto.
Nimeandika barua kwa wakubwa wa chama. Wiki sita zile zilikuwa za ugonjwa. Niliandika uongo kwa amri ya meneja, na sahihi ni yangu. Uzazi uhesabiwe tangu siku aliyojifungua.
Nimempa meneja nakala. Kaisoma, kaichana, vipande kanirushia usoni.
"Mwanamke mwenyewe hatazaa tena. Likizo ya nini?"
Nimeokota jiwe la mizani, la kilo mbili, nikamtwanga nalo mdomoni. Kaanguka chali. Nikampanda kifuani, nikampiga la pili. La tatu wabebaji wamenidaka mkono. Ningemuua. Nilitaka.
Barua yenyewe dereva wa lori alishaondoka nayo.

Alhamisi, 18 Julai
Majibu yamekuja. Leokadia kapewa siku zake zote themanini na nne, kuanzia tarehe 20 Juni. Wiki sita zimerudishwa kwenye ugonjwa. Meneja kaondolewa. Na mimi nimefukuzwa kazi, kwa kumpiga mkubwa wangu.
Nimevunja mabakuli mawili ukutani. Nikafagia.

Jumapili, 4 Agosti
Nimekwenda kwa Leokadia, Katumba. Yoramu kaniona, kachukua jembe, katoka bila salamu. Leokadia hakunikaribisha wala hakunifukuza. Akiinama, anashika kovu.
Kasema, "Leo siwezi kukusamehe, dada Skola. Usingoje."
Nikasema sawa.
Kulikuwa na mahindi uani. Nikavuta kigoda, nikabana hindi kwa magoti, nikapukuchua kwa mkono mmoja. Mtoto akalia. Akanyonya. Akalala.
Halafu Leokadia akatoka na sahani.
"Maharage yameiva. Kula kwanza, ndiyo uondoke."
Nimekula.