Swali Ulilomwachia Papa, Mama Odile Onema

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliposhika mkono wa baba yetu, Papa Désiré, asubuhi ya mvua, ukiwa kitandani, ukamwuliza: "Unasikia nini?" Akajibu: "Minasikia mvua tu." Ukamtazama kwa muda, ukafumba macho, na siku ya tatu ukatuacha. Mama, tunajua hukuridhika na jibu lile. Papa naye alijua.

Watu wengi wa Alunguli, mtaa wetu hapa Kindu, wanalifahamu swali hilo, maana uliliuliza miaka kumi na tisa katika kile chumba chako cha bati walichokiita nyumba ya kusikilizana. Chumba chenyewe hakikuwa na kitu: viti vitatu, mtungi wa maji, na pazia ulilolishona mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kushona hukujaliwa, Mama, tuseme ukweli. Lakini watu wazima waliingia pale wameinamisha vichwa, mume mbele na mke hatua kumi nyuma, na wengi walitoka wakitembea sambamba.

Mafunzo yako ya ushauri nasaha uliyapata kwa Kifaransa, na huko ulielekezwa kumwuliza mtu anavyojisikia moyoni. Ukalileta swali katika Kiswahili chetu: "Unasikia nini?" Kwetu neno ni hilo hilo moja. Njaa tunaisikia, uchungu tunausikia, na jogoo akiwika tunamsikia. Siku yako ya kwanza kazini akaja Papa Djuma, mkulima wa mpunga kutoka Kibombo, pamoja na mkewe Mama Hawa. Walikuwa wamekaa miezi minane hawasemezani ila kwa kupitia watoto. Ukamwuliza kwa upole wote uliofundishwa. Papa Djuma akatega sikio, akasema: "Minasikia mashini ya kukoboa mupunga, kule kwa jirani."

Mama Hawa akaangua kicheko. Ulitaka kumsahihisha, lakini Papa Djuma hakuwa amemaliza. "Na mashini ikizima, minasikia miguu ya basoda. Tangu vita. Njo maana silali, njo maana ninamufokea huyu mama bure." Mama Hawa akaacha kucheka. Miaka yote ile alidhani mumewe amemchoka, kumbe mwenzake alikuwa bado anawasikia askari wakipita uani.

Tangu siku hiyo ulianza na masikio, moyo ukafuata kwa wakati wake. Hukumkatiza mtu, hukumhukumu, wala hukubeba ya watu ukayaleta nyumbani. Haya ya Papa Djuma hatukuyapata kwako. Alituambia mwenyewe kwenye matanga yako, Mama Hawa akiwa pembeni yake, na akasema tuyaandike.

Tulizoea kukutania kwamba mganga hajigangi. Mji mzima ulikufungulia moyo, na nyumbani mwako mlikuwa na mtu mmoja aliyeufunga wake. Papa alikuwa mume mwema, fundi wa reli asiyejua kupaza sauti. Lakini akitajwa Baba mdogo Alain, ndugu yake, aliinuka akaenda kuangalia baiskeli. Baiskeli ile iliangaliwa sana, Mama.

Sisi tulijua jambo moja tu. Mwaka 1998, vita ilipoingia Kindu, mlikimbia kwa miguu, mvua ikinyesha, mkifuata reli kuelekea Kibombo, Nicole akiwa mgongoni mwako, mtoto wa miezi mitano. Baba mdogo Alain alikuwa nyuma yenu. Hakufika. Bibi alipouliza, Papa alimjibu: "Risasi zililia sana, mama. Sikumusikia." Neno hilo alimjibu kila aliyeuliza, miaka yote. Bibi aliliamini mpaka akafa.

Wewe hukumlazimisha. Mvua kubwa ilipogonga bati ulimwekea chai ya mchaichai, ukakaa kando yake na sombe yako, majani ya muhogo ya kuchambua, ukauliza mara moja tu: "Unasikia nini, Désiré?" Akajibu: "Mvua." Ukasema: "Haya," ukaendelea na majani yako. Elie alipotaka kujua mbona humbani, ulimjibu: "Mulango ya muntu inafunguka toka ndani, mutoto yangu. Miye ninakaa tu hapa karibu."

Mwezi uliopita, Mama, Papa alivaa shati lake la Jumapili bila kutuaga, akaenda kwenye chumba chako. Siku hizi anakaa pale Mama Bernadette, uliyemfundisha kazi. Pazia ni lile lile. Akaulizwa swali lile lile. Aliporudi alituita sote watatu, akatueleza mwenyewe alichojibu.

"Nilimusikia," alisema. "Mguu yake ilikuwa imeumia. Aliita miye kaka yake, 'Yaya! Yaya, mukono!' Mara tatu. Nilimusikia muzuri, na sikugeuka, juu ya kuokoa mama yenu na mutoto."

Tulilia. Nicole, aliyebebwa mgongoni siku ile, alilia kuliko sote. Papa akangoja tutulie, halafu akasema jambo ambalo hatukulitegemea: "Mama yenu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa karibu na Alain kunipita miye. Kama miye nilisikia, yeye njo alisikia zaidi. Na hakunisemea hata siku moja."

Basi ndiyo hivyo, Mama. Miaka zaidi ya ishirini na tano ulimwacha mumeo aseme mbele ya watu kwamba hakusikia, na wewe mwenyewe uliisikia sauti ile ile ndani ya mvua ile ile. Tulidhani unamngoja akufunulie siri. Kumbe ulikuwa unamngoja mtu wa kusikiliza naye. Na sisi wanao, tuliokula sombe yako na kukucheka kwa pazia lako, hakuna hata mmoja aliyewahi kukuuliza wewe unasikia nini. Utusamehe.

Misa yako itasomwa Jumamosi hii, na jina la Alain litasomwa pamoja na lako. Papa ndiye aliyeomba.

Wanakukumbuka mume wako Désiré, wanao Nicole, Israël na Elie, dada yako Josiane aliye Obokote, Mama Bernadette, Papa Djuma na Mama Hawa, na wote waliovikalia vile viti viwili mbele ya chako.

Jana ilinyesha. Papa alikaa mahali penu na vikombe viwili vya mchaichai. Elie akamwuliza: "Unasikia nini, papa?"

"Minamusikia Alain," akajibu. "Na mama yenu."

Pumzika, Mama. Daima tutakusikia.