Kunde za Sharif

Woodley, Nairobi
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeketi barazani, goti limetulia na kikohozi cha Bibi kimekwisha. Huku Nairobi sote wawili tu wazima, tunakula vizuri na tunagombania rimoti kama tulipokuwa wadogo. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu hukawii kunikatiza, na haya nataka uyasome hadi mwisho.

Nianze na Sharif, maana najua ndiye unayemtafuta kwanza. Mwanao amenenepa! Mwezi wa saba huu hajagusa bangi. Kila Jumanne huenda kliniki Parklands, na siku nyingine yuko Adams Arcade kwenye duka la vitambaa la Sameer, anakata mapazia. Sameer anasema hajawahi kupata mtu mwenye mkono ulionyooka kama ule. Wewe na mimi tunakumbuka ulivyokuwa ukitetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda.

Daktari wa kliniki ndiye aliyemshauri apande kitu, akihudumie mwenyewe. Jirani yetu Kalekye akampa mbegu za kunde za kwao Machakos, naye akazipanda kwenye ndoo nane nyuma ya nyumba. Ungemwona, Mama! Hata chai hajanywa, yuko kwa kunde zake, anazisemesha. Kalekye akawa anamtania kwa Kiswahili chao cha huku, "Wee Sharif, hizi kunde zako utazipeleka shule lini?"

Wiki ya tano zikaanza kunyauka. Majani yaligeuka manjano kuanzia chini, mashina yakalegea, na katika siku nne ndoo zote nane zikafa. Sharif aliketi kwenye ngazi ya jikoni akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hakuna kinachokaa hai mkononi mwake. Mke alimwacha, duka la Baba lilimfia, na sasa hata kunde. Kesho yake hakwenda kwa Sameer. Niliogopa, Mama. Niliogopa atarudia yale ya zamani.

Lakini mimi nilikuwa nimeshapasua shina moja kwa kisu cha jikoni. Ndani palikuwa na mstari wa kahawia, na mstari huo nauona kila siku kazini.

Kazi yangu unaijua. Umeshawasimulia wanawake wote wa maulidi kwamba binti yako ataimaliza bangi. Ni kweli kwamba maabara yetu ina kuvu tuliyoibadilisha vinasaba, ambayo huingia kwenye mizizi ya bangi ikaukausha mmea mzima. Tunaijaribu kwenye banda la vioo lililofungwa, kwa kibali. Ahadi yetu ilikuwa kwamba inaua bangi peke yake. Mwezi ujao tungeinyunyiza kwenye bonde moja ambako watu huficha bangi katikati ya mashamba ya maharagwe na kunde.

Nilikwenda kwa mkuu wetu, Daktari Kihara, nikamwomba tuijaribu kuvu yetu kwenye kunde za Kalekye. Akasema kunde zilijaribiwa mwaka juzi zikapita. Nikamjibu kwamba zile zilikuwa mbegu za dukani, na tangu hapo kuvu yenyewe tumeibadilisha mara mbili. Akaniuliza, "Mwanasiti, hii wasiwasi yako imetoka wapi?" Nikamweleza. Nawe nitakueleza, vuta subira kidogo. Uso ukamwiva, akavua miwani akasema, "Leta hiyo mbegu."

Tulingoja siku kumi na nane. Katika miche sitini, thelathini na tisa ilikufa. Daktari Kihara aliihesabu mwenyewe mara mbili, akaketi, akaandika barua ya kusimamisha unyunyizaji nikiwa nimesimama mbele yake. Kazi ya miaka sita, Mama! Nilidhani atanifukuza. Badala yake alisema mamake mwenyewe analima kunde, na hajui angemwangaliaje usoni.

Sasa lile nililokuwa nikilizunguka. Udongo wa zile ndoo niliuiba mimi. Ulikuwa udongo mzuri, mweusi, umerundikwa magunia mawili nje ya banda, nikaona bora nimfurahishe ndugu yangu. Sheria yetu ni kwamba udongo wa bandani lazima upikwe kwa mvuke kabla ya kutoka. Nikadhani umeshapikwa. Sikuuliza, kwa sababu nilijua nikiuliza nitakatazwa. Ni mimi niliyeua kunde za Sharif, na nilikaa kimya siku mbili nikimtazama akijilaumu. Hizo siku mbili ndizo zinazoniumiza kuliko yote.

Siku ya tatu, kabla sijakwenda kwa Daktari Kihara, nilimwambia Sharif. Alinitazama, akaangalia ndoo, akanitazama tena. "Yaani miye najililia, kumbe mwuaji tunakula naye sahani moja?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, cheko lake la zamani, lile ambalo hatukulisikia miaka mingapi! Kalekye akachungulia kwenye ua kuuliza kuna nini, naye akaambukizwa bila kujua anachekea nini.

Nimepewa barua ya onyo na nimezuiwa kuingia bandani miezi mitatu. Nastahili. Wenzangu walikuja na mavazi meupe wakabeba ndoo, udongo, hata viatu vyangu. Bustani ya Kalekye ilipimwa ikakutwa salama, alhamdulillahi. Nami nilimwomba radhi mlangoni kwake, akanisamehe baada ya kunikaripia vizuri.

Basi waambie wanawake wa maulidi ukweli: bangi bado ipo, na kuvu ya binti yako imefungiwa chupani. Lakini waambie pia kwamba Sharif hakuingoja. Amejitoa mwenyewe, siku baada ya siku, na Ijumaa ijayo atapanda treni hadi Mombasa, kisha basi kuja Malindi kukushika mkono. Usimpikie sana, Mama. Mtazame tu.

Msalimie Bibi, na majirani wote wanaoniulizia. Nibusie mikono ya Bibi, nawe unibakishie dua.

Mwanao mwenye makosa na furaha,
Mwanasiti