Mikono Juu kwa Wanaosikia Vayolini

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefagia banda langu la video. Nimenyunyiza maji vumbi litulie. Maji kidogo tu, hapa Newala maji si ya kuchezea. Spika ya kushoto imeanza tena kukohoa. Nimeipiga kofi, ikakaa sawa.

Saa kumi alasiri nikaweka filamu ile ile. Wiki ya sita hii. Wiki jana nilijaribu kuweka nyingine, wakanizomea. Chombo kinaruka angani kwenda sayari kavu kutafuta maji, na mwisho maji yanachimbuka. Mambo ya kubuni matupu, lakini watu wangu wanayaangalia kama habari za jirani. Kiu nani atufundishe sisi?

Kazi yangu kutafsiri kwa maiki. Mwanzoni nilitafsiri mpaka juu ya muziki. Wakaja juu: Mama Lidya, muziki ukianza funga domo. Iliniuma. Miaka kumi na miwili wanafuata domo hilohilo, leo nifunge! Nikafunga. Na kusema kweli muziki ule mtamu. Okestra nzima, watu na ala zao, mpaka mabati yanatetema.

Ikiisha hakuna anayetoka. Wanakaa kwenye mabenchi kubishana. Siyo juu ya nyota wala chombo. Juu ya muziki. Saidi, fundi baiskeli, anashikilia kwamba ngoma za chombo kinapoondoka zimeibwa jandoni kwetu. Mama Shadida wa maandazi hataki tarumbeta, anasema zitamtia kiharusi. Hakimu wao ni Mjomba Hilari, kaka yake marehemu mama. Mwalimu mstaafu, anafundisha kwaya ya kanisa kijijini Mnyambe, nota alijifunza shuleni Chidya alipokuwa mwanafunzi. Anakuja kwa baiskeli, shati limenyooshwa.

Leo kahukumu kwamba sehemu bora kuliko zote ni mwisho. Maji yanapotoka, mtunzi kazima ala zote. Kimya. Huyo ndiye fundi, anajua pa kunyamaza. Saidi akamwambia, Mwalimu, pale vayolini zinalia. Mjomba akasema masikio ya Saidi yamejaa grisi. Tumecheka mpaka basi.

Jumapili, 3 Agosti

Nimefanya upumbavu. Naandika ili nisijifanye nimesahau.

Ubishi wa jana umeendelea. Mjomba kimya, Saidi vayolini. Mjomba akaanza kukasirika, akamwita Saidi mtoto wa juzi. Mimi, mwenye banda, mwenye domo, nikarudisha filamu nyuma pale pale mwisho. Nikaongeza sauti. Nikashika maiki nikasema: wanaosikia vayolini, mikono juu!

Banda zima mikono juu. Mpaka Mama Shadida na kapu lake.

Mjomba akageuka, akaitazama ile mikono, mmoja mmoja. Akachukua baiskeli yake akaondoka.

Na mimi nilicheka. Kwenye maiki.

Jumanne, 5 Agosti

Kwetu mjomba ndiye mwenye wewe. Posa yangu ilipoletwa, yeye ndiye aliyekaa mkekani kujibu. Baba alipoondoka, yeye ndiye aliyenisomesha. Mtu huyo nimempigisha kura mbele ya watu kama mgombea wa uenyekiti wa mtaa. Mdomo uliponza kichwa.

Nimempigia simu mara nne. Hapokei. Nikasema basi, kanuna, hasira zitamwisha.

Lidya, binti yangu, karudi kutoka zamu (yeye ni muuguzi), kanisikia nikilalamika. Akaniuliza swali moja tu: mama, una uhakika anaisikia hiyo simu?

Sijala chakula cha jioni.

Jumatano, 6 Agosti

Sasa yote yananijia. Krismasi simu yake iliita mezani, yeye anamenya chungwa. Pasaka alilalamika kwamba wasichana wa sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, wanaimba kama wamemeza unga, na wale wasichana nilikuwa nawasikia mpaka barabarani. Mimi nikimsimulia jambo anatabasamu tu, nikadhani namfurahisha. Wanaume wakiongea anajibu sawasawa.

Vayolini zile nyembamba mno. Kwake zilikuwa kimya kweli. Hakuwa mbishi. Alisema alichokisikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda Mnyambe. Kwetu humwendei mjomba uliyemkosea mikono mitupu. Nimebeba jogoo na kibuyu cha asali.

Nimemkuta kwenye mikorosho, mashine ya kupulizia salfa mgongoni. Huu msimu wa ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, naye kila mwaka anapulizia yake na ya wajane wote wa kitongoji. Nilisimama nyuma yake nikaita, Mjomba. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu kwa nguvu, jogoo akashtuka. Kimya.

Mashine ilikuwa imezimwa.

Nikamgusa bega. Akageuka, akanichekea, uso mzima njano kwa salfa. Shikamoo Mjomba. Marahaba. Nikapiga magoti pale pale kwenye majani makavu nikalia. Akampokea jogoo kwanza, ndipo akaniinua. Ndiye Mjomba huyo.

Tumekula ugali wa muhogo na kisamvu. Niliongea polepole, namtazama usoni. Akasema mwenyewe: siku ile niliiona ile mikono, nikajua sina ubishi tena. Kaongeza kwamba Jumapili hii anawaambia kanisani watafute mwalimu mwingine wa kwaya. Mtu asiyesikia sauti ya kwanza anafundisha nini? Na bandani haji tena. Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 11 Agosti

Lidya kampeleka hospitali. Daktari kasema sauti nyembamba zimekwenda, hazirudi. Nzito anazo bado, nzuri tu. Mashine ndiyo imezila, ile ngurumo ya mgongoni, msimu baada ya msimu. Aiache, au azibe masikio. Mjomba kauliza wajane nani atawapulizia. Lo, mtu huyu!

Kanisani keshawaambia. Wamemwomba afikirie mpaka mwisho wa mwezi. Yeye anasema keshafikiri.

Nina uchungu mpaka meno yananiuma.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefua, nimewaza. Kazi yangu ni nini? Mtu akishindwa kusikia kitu kama kilivyo, mimi namgeuzia mpaka asikie. Miaka kumi na miwili nafanya hivyo. Sasa kwa nini nishindwe vayolini?

Sauti nzito anazo. Basi wimbo ule ushushwe.

Nikaenda kwa Saidi. Ana sauti kama pipa tupu. Nikamwekea mwisho wa filamu kwenye simu, mara ishirini, akiwa ameshika tairi. Akaanza kuufuata kwa chini, kwa kifua. Nywele zikanisimama.

Alhamisi, 14 Agosti

Tuko tisa sasa, wanaume wanane na mimi. Mimi kwa Mjomba sisikiki, nashika mapigo kwa goti. Tunafanyia mazoezi kwenye karakana ya Saidi.

Ubishi haukosekani. Mmoja anasema tushushe zaidi, mwingine anasema tutakuwa ng'ombe. Mama Shadida amepinga tangu mwanzo: muziki wa watu hautafsiriwi, mtauharibu. Tumegombana. Leo kaja na maandazi, kasema hajabadili mawazo, ila njaa ni njaa.

Nimemtumia Mjomba ujumbe wa maandishi. Sikumdanganya. Nimeandika: njoo Jumamosi, kuna kitu cha kwako. Hajajibu.

Naogopa. Akidhani ni mzaha mwingine, nimempoteza moja kwa moja.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa kumi hajafika. Nikachelewesha, watu wakapiga miluzi. Saa kumi na robo nikaiona baiskeli.

Nimemketisha mbele kabisa, katikati ya wale wanane. Watu wakashusha macho. Aibu ya ile mikono ilikuwa bado mle ndani. Nilitafsiri vibaya leo, nikaruka hata majina.

Mwisho ukafika. Nikaweka maiki chini. Vayolini zikaanza, na Saidi akaanza chini yake, halafu wa pili, halafu wote. Benchi likawa linatetema. Mjomba mwanzo alikaza macho kwenye runinga. Kisha akaangalia koo la Saidi. Kisha akafumba macho, akaweka kiganja kwenye benchi. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda na kushuka. Ule mkono wa kwaya. Nimekua nao.

Wakashindwa mwisho, wakaachana kila mtu na njia yake. Watu hawakupiga makofi. Wote wanamngoja hakimu.

Mjomba akafumbua macho. Akasema, "Saidi, umeshuka mapema."

Akawasimamisha wote wanane akawarudisha tangu mwanzo. Mara tatu! Kawapanga upya, huyu huku, yule kule, kamkemea mmoja kwa kufungua mdomo nusu. Banda zima lilikuwa linaangalia, na filamu imekwisha zamani. Ya tatu ikatoka safi.

Akakaa. Akafuta jasho. Kisha akatoa hukumu: sasa nimeusikia, na bado nasema mtunzi kakosea. Pale alipaswa kunyamaza.

Ubishi ukawaka upya, mpaka giza lilipoingia. Mimi nimelia nyuma ya pazia, nikapenga kamasi, nikatoka nikabishana na wao.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Lidya kanipigia kutoka Mnyambe. Mjomba amesimama mbele ya kwaya. Kamkabidhi msichana mmoja sauti ya kwanza awe sikio lake, yeye kasogea upande wa besi. Mashine ya salfa kamwachia mpwa wake mwingine, na pamba za masikio juu.

Jioni kaja bandani. Shikamoo, marahaba, kakaa pale pale mbele.

Maji yalipokaribia kutoka, niliweka maiki chini. Saidi akavuta pumzi aanze. Nikamzuia kwa mkono. Nikashika kitufe cha sauti nikakishusha mpaka mwisho kabisa. Hakuna vayolini, hakuna kitu.

Maji yakachimbuka kwenye ardhi ile kavu, yakatambaa, wale watu wakapiga magoti wakayagusa. Nilisikia mabati yakipoa. Nilisikia mtu akimeza mate. Mama Shadida alishika kapu lake kwa mikono miwili.

Taa nilipowasha, Mjomba aligeuka akatazama nyuma, watu wote, mmoja mmoja, kama siku ile.

Hakuna aliyebisha.